Nani Amemwua Kijana Huyu?

Swali hili mmelisikia katika matanga mengi, nasi pia. Maiti bado haijaoshwa, akina mama wangali wakilia uani, na tayari mtu ananong'ona pembeni: Nani amemwua? Hasemi: Amekufa kwa nini? Asema: Nani?

Sisi tulilisikia Dominika moja alasiri, katika kijiji cha milimani kati ya Butembo na Beni. Jina la kijiji twaliacha, maana wenyewe wangali hai. Baada ya ibada vijana walikuwa wakicheza mpira. Mmoja wao, wa miaka 19, mpasua mbao, mwenye mabega mapana, alikimbilia mpira ukingoni mwa uwanja. Akasimama, akashika magoti, akaanguka. Hakuna aliyemgusa. Wenzake walimpakia kwenye pikipiki, mmoja akimshika kwa nyuma, wakateremka naye hata kituo cha afya. Muuguzi alipomshika mkono hakukuta mapigo.

Kaka yake mkubwa alikuwa amekufa miaka 6 kabla ya hapo, naye ghafula, akipanda mlima na gunia la mahindi mgongoni.

Basi usiku ule ule jina likatoka. Lilikuwa jina la shangazi yao, dada ya baba, mjane aliyekaa peke yake katika nyumba ndogo mwisho wa kiwanja. Wakasema alinyimwa nyama siku ya arusi fulani, akaondoka amekasirika. Wakasema hakulia vya kutosha. Sisi tulikuwapo. Tuliongoza rozari, tukasoma sala za wafu, tukawaambia wafiwa ya kuwa ni mapenzi ya Mungu, tukaenda zetu kulala. Siku ya nne vijana waling'oa mabati ya nyumba ya yule mama, naye akakimbilia Beni usiku na kitenge kimoja.

Twayaandika haya kwa sababu kosa lile lilikuwa letu pia.

Tusiwacheke waulizao "nani". Katika nchi yetu watu huuawa na watu. Tangu Oktoba 2014 vijiji vya Beni vimezika ndugu wengi mno waliokatwa kwa mapanga na mashoka, wake kwa waume, watoto na wazee. Mtoto aliyekulia hapo, akiona maiti, huuliza mara moja ni nani aliyefanya hivi. Na mara nyingi swali lake ni la haki kabisa. Lakini swali lililo haki penye panga twalipeleka hata pasipo panga, kwa mazoea.

Tuliyaona matunda yake wakati wa Ebola. Ugonjwa ulitangazwa tarehe 1 Agosti 2018 kule Mangina, karibu na Beni. Ukafika Butembo na Katwa. Ukadumu hata 25 Juni 2020, ukaua watu 2,287. Ulikuwa na sababu yake, kirusi ambacho maabara hukipima. Lakini wengi wetu tulitafuta mtu. Wengine walisema ni biashara, wengine siasa, wengine sumu ya wageni. Tarehe 19 Aprili 2019 daktari Richard Mouzoko, Mkameruni aliyetumwa na Shirika la Afya Duniani, aliuawa kwa risasi mjini Butembo, katika kliniki za Chuo Kikuu cha Graben, akiwa mkutanoni na wenzake. Waliopiga risasi walikuwa wachache; maneno yale yalikuwa midomoni mwa wengi miezi mingi kabla.

Turudi kwa kijana wetu. Majuma kadhaa baada ya maziko baba yake alitujia nyumbani, akakaa muda mrefu bila kusema. Kisha akasema: "Katekista, hata pikipiki haizimiki bila sababu. Moyo wa mtoto mzima wasimamaje peke yake?"

Hatukuwa na jibu. Tukaona haya, maana tulikuwa tumekwisha kumjibu siku ya matanga. Basi tukaanza kuulizauliza kwa madaktari na kusoma, na tuliyoyapata twayaleta hapa kwa maneno ya kwetu.

Mmeona jinsi mgonjwa anavyobebwa kutoka milimani, pasipo na barabara. Wanaume wanne au sita huweka kipoyi mabegani. Nguvu ya mmoja haitoshi kitu. Sharti washikamane na kupiga hatua pamoja. Mmoja akiachia, mzigo wake humwangukia jirani. Jirani akichoka, huachia naye. Ndivyo ulivyo moyo. Ni nyama iliyofanywa kwa chembe nyingi mno, ambazo wataalamu huziita seli, na kila seli hushikana na mwenzake, zikivuta pamoja mara 100,000 hivi kwa siku moja. Mahali zinaposhikana pana vifungo vidogo visivyoonekana kwa macho, viitwavyo desmosomu. Kila kifungo kimejengwa kwa protini kadhaa: plakoglobini, plakofilini, desmoplakini na nyingine. Msiogope majina. Sisi tuliyakariri kama tulivyokariri Kilatini zamani, na bado hututoroka.

Sasa, kila protini hujengwa kwa kufuata agizo lililoandikwa katika mwili, nalo ndilo liitwalo jeni. Maandishi hayo twayapokea nusu kwa baba, nusu kwa mama. Pengine mahali pamoja pameandikwa vibaya, na hapo kifungo hutoka kilegevu. Mtoto huzaliwa mzima, hukua, hucheza na wenzake. Lakini kila akimbiapo au abebapo mzigo mzito, moyo huvutwa kwa nguvu, na vifungo vilegevu huachia. Seli zilizoachana hufa, na mahali pake huingia kovu na mafuta, mara nyingi upande wa kulia wa moyo. Ndipo ubaya hutokea. Maana moyo huongozwa na umeme mdogo, upitao seli kwa seli ukiamuru pigo. Umeme huo ukifika penye kovu hupotea njia na kuzunguka. Moyo hutetemeka kwa kasi badala ya kusukuma damu. Ubongo hukosa damu, na mtu huanguka. Dakika chache zatosha kumwua. Wengine huzimia mara moja au mbili kwanza, hasa wakiwa mbioni. Kwa wengine dalili ya kwanza ni kifo chenyewe.

Mambo haya yamejulikana kwa njia ya familia, wala si kwa mashine peke yake. Katika kisiwa cha Naxos, nchi ya Ugiriki, daktari Nikos Protonotarios aliwaona watoto wenye nywele za kujisokota, na viganja na nyayo ngumu, ambao baadaye waliugua moyo. Aliandika habari zao mwaka 1986. Mwaka 2000 ikagunduliwa ya kuwa kosa lilikuwa katika jeni ya plakoglobini. Ngozi na moyo vyafanana hapo: vyote viwili huvutwa kutwa, na vyote viwili hufungwa kwa vifungo vile. (Hapa tulicheka kidogo. Kule Naxos nywele za kujisokota zilimwamsha daktari. Kwetu Butembo zingemwamsha nani? Na kiganja kigumu ni cha kila mlimaji.) Tena namna nyingi za ugonjwa huu hazina alama yoyote ya ngozi. Antonio Puerta, mchezaji wa Sevilla huko Hispania, alianguka uwanjani Agosti 2007, akafa siku 3 baadaye, na umri wa miaka 22. Ugonjwa wake ulikuwa huu.

Hata katika Afrika yetu umechunguzwa. Profesa Bongani Mayosi wa Chuo Kikuu cha Cape Town, aliyefariki mwaka 2018, pamoja na wenzake wa huko na wa Italia, waliifuatilia familia moja ya Afrika Kusini ambayo vijana wake walikuwa wakifa ghafula. Mwaka 2017 walitangaza ya kuwa wamelipata kosa: lilikuwa katika jeni iitwayo CDH2, inayojenga kadherini, protini nyingine inayoshikamanisha seli za moyo. Kazi hiyo ilichukua karibu miaka 20. Mpiga ramli angalijibu usiku mmoja, na watu wangaliridhika.

Kwa nini huridhika? Mwingereza Evans-Pritchard alilifikiri jambo hili katika kitabu chake cha mwaka 1937 juu ya Waazande, ambao wengine wao ni Wakongo wenzetu wa kaskazini. Alieleza ya kuwa ghala ikiwaangukia watu, Waazande wajua vema kwamba mchwa walikula nguzo. Hawauliziani hilo. Wauliza: kwa nini imeanguka saa ile, na juu ya watu wale? Hapo ndipo wataja ulozi. Nasi tuko vivyo hivyo. Mtu atuambiapo "moyo ulisimama", twajibu: Sawa, lakini kwa nini moyo huu, katika nyumba hii, Dominika ile?

Ugonjwa wa kurithi una jibu kwa maswali hayo matatu. Katika nyumba hii, kwa kuwa jeni hupita kwa wazazi. Moyo huu na si wa mwingine, kwa kuwa katika namna nyingi za ugonjwa huu, mzazi mmoja akiwa na kosa, kila mtoto wake ana nafasi nusu kwa nusu ya kulipokea, kama kutupa sarafu. Tena si wote waliolipokea watakaougua. Saa ile, kwa kuwa alikuwa akikimbia. Kijana wetu hakupimwa alipokuwa hai, wala kifua chake hakikufunguliwa alipokufa, na kwa hiyo hatuapi ya kuwa ndio uliomwua. Lakini ndugu wawili wa tumbo moja, wote vijana, wote wakiwa katika kazi ya nguvu! Jambo hilo lilitosha kutufanya tuulize.

Hatukuuliza, kwa kuwa majibu mawili yalikuwa tayari. Moja lilikuwa la mpiga ramli: shangazi. La pili lilikuwa letu: mapenzi ya Mungu. Seminarini tulifundishwa fundisho la Mtakatifu Toma wa Akwino, kwamba Mungu ni sababu ya kwanza ya vyote, naye hazifuti sababu za pili, bali huzipa nguvu ya kutenda. Mvua ni ya Mungu, nayo hutoka mawinguni. Tulijibu vizuri katika mtihani. Kisha siku ya matanga tukalitumia jina la Mungu kufunga mdomo wa baba aliyetaka kujua. Kuyakubali mapenzi ya Mungu mtu akiwa amekwisha kutafuta na kushindwa ni imani. Kuyataja kabla ya kutafuta ni uvivu wetu tu, tumeuvika kanzu.

Tena lipo jambo zito zaidi. Katika chumba kile cha matanga, karibu na mlango, alikaa binti wa miaka 14, ndugu ya marehemu wote wawili. Majibu yote mawili yaliwatazama wafu. Yeye hakutazamwa na mtu. Mwaka uliotangulia alikuwa amezimia shuleni wakati wa mbio, na mwalimu alisema ni njaa.

Hapo rafiki yetu mmoja, mwalimu mwenye akili, alitupinga kwa maneno makali, nayo yafaa yasikiwe. Alisema: "Mmeutoa ulozi kwa shangazi, mkautia katika damu ya binti. Mwanamke mzee aweza kukimbilia Beni. Binti atakimbilia wapi, na damu yake yaenda naye? Mkisema ni ugonjwa wa ukoo, nani atamwoa?"

Neno hili lilitusumbua siku nyingi. Ni kweli ya kuwa watu waweza kufanya silaha ya ujuzi wowote. Tuliwaza habari ya yule aliyezaliwa kipofu, katika sura ya 9 ya Injili ya Yohane. Wanafunzi walimwekea Bwana Wetu mambo mawili achague: dhambi ya mtu huyo au ya wazazi wake. Hakuchagua hata moja. Akatema mate, akafanya tope, akamponya. Kosa la maandishi katika mwili si hatia. Hakuna aliyelitenda, wala baba aliyelipitisha bila kujua. Nasi sote tumebeba makosa ya namna hiyo, mengine yaamka, mengine yalala hata tunazikwa na uzee wetu. Juu ya arusi: siri hii ni ya binti. Siku itakapofika atamwambia mwenyewe yule atakayemchumbia, kwa kuwa naye ana haki ya kujua. Si kazi ya katekista kuitangaza, wala ya shangazi, wala ya mwalimu.

Lakini kunyamaza ili aolewe, na huku akifa mbioni, ni huruma gani hiyo? Mwalimu alikaa kimya. Kisha akasema, "Basi mwambieni pia nani atabeba maji." Alisema sawa. Mtu mwenye moyo wa namna hii hukatazwa mbio na mizigo mizito, na katika milima yetu binti ndiye bidoni ya maji, ndiye kuni, ndiye jembe. Kumwambia ukweli bila kumwondolea bidoni ni kumwongezea mzigo.

Je, dawa ipo? Tusidanganyane. Ya kuondoa ugonjwa kabisa haijapatikana. Ziko za kuzuia kifo. Vipo vidonge vya kutuliza kasi ya moyo, ambavyo si adimu. Kipo kifaa cha umeme kinachowekwa chini ya ngozi ya kifua, kiushtue moyo unapopotea. Cha kwanza kiliwekwa mwilini mwa mtu mwaka 1980 huko Baltimore, Marekani, kwa kazi ya daktari Michel Mirowski, aliyeanza kukiwaza baada ya mwalimu wake kufa ghafula kwa mapigo mabaya ya moyo. Bei yake yashinda shamba la mkulima wa Lubero. Jambo hilo latuuma, na kuliita mapenzi ya Mungu itakuwa kosa lile lile mara ya pili.

Wako pia wanaotafuta kukaza vifungo vyenyewe. Mjini Munich, Ujerumani, kundi la Profesa Jens Waschke lilionyesha mwaka 2017 ya kuwa seli za moyo zaweza kuamshwa zishikane kwa nguvu zaidi, plakoglobini ikibandikwa alama ndogo ya fosfeti. Alama hiyo huletwa na adrenalini, ile inayotupiga moyo tukiogopa. Shida ni kwamba adrenalini huweza pia kuamsha mapigo mabaya. Kwa hiyo yatafutwa njia ya kulipata jema bila baya. Mwaka 2023 kundi hilo lilieleza ya kuwa dawa ya jamii inayotumiwa kwa saratani iliongeza vifungo katika seli za moyo wa panya. Ni panya bado. Marekani, tangu mwaka 2024, wagonjwa wachache wametiwa jeni nzima ya plakofilini, ikichukuliwa na kirusi kilichofanywa mpagazi.

Msishtuke kusikia kirusi mpagazi. Zaidi ya watu 300,000 wa nchi hii walichanjwa Ebola katika miaka ile, na chanjo ile ilikuwa kirusi cha ugonjwa wa mifugo kilichobebeshwa jeni moja ya Ebola. Huenda wewe unayesoma uliipokea begani. Na kama mtu auliza, je, si kuingilia kazi ya Muumba? Kanisa limekwisha kujibu katika hati Dignitas Personae ya mwaka 2008: kumtibu mgonjwa kwa kurekebisha jeni za mwili wake ni halali kimsingi, kubadili zile zitakazopita kwa uzao, katika hali ya sasa, si halali.

Binti tulimpeleka Butembo kwa pikipiki, mwendo wa polepole. Daktari alimpima moyo kwa mashine iandikayo mapigo kwenye karatasi. Akaitazama sana. Akasema mawimbi mengine yamepinduka, lakini kwa umri wake hilo peke yake halitoshi kusema. Akampa vidonge, akamkataza mbio, akaagiza arudi apigwe picha ya moyo. Kisha akamgeukia baba: "Nani wengine katika ukoo wenu walikufa wakiwa vijana? Baba zako wadogo? Babu?"

Baba hakujua. Alizaliwa wa mwisho. "Ayajuaye hayo ni dada yangu," akasema, na hapo akainamisha kichwa.

Tulimkuta Beni, kando ya soko, akiuza makaa kwa vifungu vidogo. Tulimwomba msamaha kwanza, naye hakujibu. Tulipomweleza swali la daktari, alifuta mikono kwenye kitenge, akaanza kuhesabu kwa vidole. Mdogo wa babu, aliyeanguka akicheza ngoma mwaka wa uhuru. Binamu mmoja, katika njia ya Kasindi, na mzigo kichwani. Watoto wawili wa ndugu yake. Akabakiza kidole kimoja, akakishika.

"Na wangu," akasema. "Alikuwa na miaka 16. Alikimbia mvua tu. Hamkuniuliza."

Tulimwambia ya kuwa daktari ataka kumpima yeye pia, kwa kuwa huenda amelibeba jambo hili mwilini bila kuugua. Aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliyeambiwa bei ya kitu asichokusudia kukinunua leo. Kisha akauliza ni nani anayemchotea binti maji sasa.